Nilisema "sorry" mara tatu

Kabla sijaja Uingereza nilifundisha Kiingereza miaka tisa, kidato cha kwanza na cha pili, kwenye shule ya kata mkoani Tanga. Nalitaja hilo mapema usije ukadhani yaliyonikuta huwakuta wasiojua lugha tu. Ubaoni nilikuwa naandika kwa chaki: sorry, samahani. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunakwenda zetu. Halafu mtoto akijikwaa kwenye kizingiti cha darasa, mimi mwalimu huyohuyo, na darasa zima nyuma yangu, tunapaza sauti: "Sori! Sori!" Hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa. Miaka tisa sikuwahi kujiuliza kwa nini nilichokiandika ubaoni sicho nilichokuwa nacho mdomoni.

Nilifika huku mwanzoni mwa 2023 kubeba boksi, kama tunavyosema. Boksi langu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja kaskazini mwa Uingereza. Unawaogesha, unawavisha, unawalisha wasioweza kushika kijiko, unaandika kila kitu. Sikuambiwa kabla kwamba nusu ya kazi hii ni kuandika. Mzee amekunywa mililita ngapi, amegeuzwa saa ngapi, amekataa dawa gani na kwa maneno gani. Kumbuka hilo la kuandika, nitalirudia.

Jumatano moja katikati ya Oktoba, saa kumi jioni, nilikuwa nasukuma kitoroli cha chai kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa ya kwanza. Bibi mmoja, nitamwita bibi wa kumi na nne kwa namba ya chumba chake, alitoka sebuleni bila fremu yake ya kutembelea. Alikuwa na desturi ya kuisahau. Ndara ya mguu wa kushoto ikamvuka, akateleza, akaangukia mkono. Mimi nilikuwa mwisho wa ukumbi. Nikaacha kitoroli, nikakimbia, nikapiga magoti, na kilichonitoka ni kile ambacho kingemtoka mama yangu, dada yangu na kondakta wa daladala: "Sorry, sorry, sorry my dear!"

Wakati huohuo lifti ilifunguka na binti yake akatoka. Hakuona mama yake akianguka. Alichoona ni mama chini analia na mtumishi mwenye sare kainama juu yake anaomba msamaha mara tatu. Nimejaribu mara nyingi kumchukia yule dada na nimeshindwa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Hospitali wakakuta mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika.

Jioni hiyo, kabla ya kukabidhiana zamu, nikapewa fomu ya tukio. Nilikuwa nimechoka, mikono inatetemeka, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hakuna aliyenisukuma kulifanya. Niliandika mistari minne. Wa tatu ulisema, kwa Kiingereza changu cha ualimu, "I told her sorry for the fall." Kichwani mwangu nilikuwa nimeandika kwamba nilimpa pole kwa kuanguka. Nikasaini, nikaweka saa, nikaenda kupanda basi.

Kesho yake meneja akaniita. Akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini niliomba radhi. Nikamjibu sikuomba radhi. Akanigeuzia fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Nikasema, na sentensi hiyo ilinikosesha usingizi wiki tatu, "Nilisema sorry, lakini sikuomba msamaha." Isome kwa Kiswahili, haina tatizo. Mimi niliitamka kwa Kiingereza. Nikaona uso wa meneja unabadilika, ule uso wa mtu aliyekuwa upande wako ambaye sasa anaanza kuhesabu maneno yako.

Nikahamishiwa chumba cha kufulia uchunguzi ukiendelea. Kunyoosha mashuka, kupanga soksi zenye majina. Mshahara wa msingi haukukatwa, lakini shifti za ziada zilifutwa, sita kwa jumla, za saa kumi na mbili kila moja. Mkononi hiyo ni zaidi ya pauni 500, na ndizo zilizokuwa ada ya mdogo wangu chuoni. Nilimdanganya mama kwamba benki ina hitilafu. Na kwa sisi tuliokuja kwa viza ya mwajiri kuna hofu nyingine ambayo wenyeji hawaijui: ukifukuzwa kazi hupotezi kazi peke yake. Nilikuwa naamka saa tisa usiku napiga hesabu ya tiketi ya kurudi.

Aliyenifumbua macho kwanza ni mwenzangu wa kufulia, dada wa Kinaijeria aliyekaa huku miaka kumi na moja. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa kwenye kapu la mashuka. Kumbe na wao wako hivyohivyo. Lagos ukijigonga kidole, mtu aliye upande wa pili wa barabara atakwambia sorry. Ghana vilevile. Akasema mwaka wake wa kwanza alimwambia sorry dereva wa basi aliyekuwa anakohoa, na dereva akamuuliza, "Kwani wewe ndiye uliyeniambukiza?" Nilicheka nami, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano. Maana yake sikuwa mjinga peke yangu. Nusu ya Afrika tumekichukua hiki kineno, tukakimimina maana yake ya Kiingereza, tukakijaza yetu.

Siku za kufulia zilikuwa ndefu, na nilikuwa na muda wa kukumbuka. Makosa mengine yalianza kurudi moja baada ya jingine, madogomadogo ambayo niliyapita bila kuyaona. Wiki ya kwanza kazini nilimkuta meneja ameinamia makaratasi saa moja usiku, nikamwambia kwa heshima zote, "Sorry for the work." Pole na kazi. Akaniuliza kazi gani nimeiharibu. Mgeni aliyeendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kumwona baba yake nikampokea na "sorry for the journey", akasema safari ilikuwa nzuri sana, asante, na akanitazama kama anayetafuta kamera. Kiingereza hakina pole na kazi. Hakina pole na safari. Usiitafute, haipo. Mwambie mtu "you must be tired" au muulize safari ilikuwaje, inatosha.

Na ile ya simu! Kila nilipopigia duka la dawa, mtu wa upande wa pili alikuwa ananiambia "Sorry?" kwa sauti inayopanda mwishoni, nami namjibu kwa ukarimu, "It's okay." Kimya. "Sorry?" tena. "No problem!" Tungeweza kwenda hivyo mpaka jua lichwe. Alikuwa anasema hakunisikia, nirudie.

Kosa lililoniuma zaidi lilihusu mfanyakazi mwenzetu ambaye mumewe alimwacha. Nilimshika mkono nikamwambia "I feel sorry for you." Hakusema nami wiki nzima. Nilidhani ni pole yenye uzito zaidi, kwa sababu ina neno la kuhisi ndani yake. Kumbe unapomwambia mtu hivyo uso kwa uso, unamwangalia kutoka juu. Ni kama kumwambia masikini weee, na mdomo umeupinda. Alitaka "I'm so sorry", basi, akalie.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu nilirudi kwenye sarufi, maana ndiyo silaha niliyoizoea. Kiingereza kinaihesabu sorry kuwa kivumishi. Nilifundisha hivyo bila kuuliza kinamvumisha nani. Kinamvumisha msemaji. Kusema "I am sorry" kumekaa mahali pamoja na kusema mimi ni mgonjwa au mimi ni mrefu: habari ni zangu. Pole haikukaa hapo kabisa. Pole inatoka kwangu inakwenda kwako. Tunapeana pole, tunapeleka pole kwa wafiwa, watu wakiwa wengi tunawaambia poleni, na anayepewa anaipokea: asante, au kama wasemavyo wazee wetu, nimeshapoa. Kwa hiyo sorry ikitamkwa peke yake, haijamaliziwa, sikio la Mwingereza halimtazami aliyeanguka. Linarudi kwa aliyesema. Ana nini huyu? Kafanya nini?

Kitu kilichonishangaza ni kwamba zamani haikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitokana na lile la maumivu na kidonda, ndugu wa "sore" ya leo. "Sorrow" ni ukoo mwingine, yamefanana kwa kuishi nyumba moja. Aliyekuwa sorry alikuwa mtu anayeumwa. Basi waliwahi kuwa karibu na pole yetu, wakahama.

Lakini hawakuhama kwa usawa, na hapo ndipo mgeni anapotea. Neno likisimama mbele ya nomino linageuka kabisa. Meneja aliwahi kuandika kwenye daftari la zamu kwamba stoo iko katika "a sorry state", nami nikadhani anatuonea huruma kwa wingi wa kazi. Alikuwa anasema stoo inatia aibu. Na mtu akikwambia "you'll be sorry", ujue ni kitisho, utajuta au utakiona. Barua ya kukunyima kazi itaanza na "we are sorry to", na walioiandika hawasikitiki hata kidogo. Halafu ukiwakanyaga kwenye basi, wao ndio wanaosema sorry. Nilimuuliza mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi: kama wenyewe wanaitupa hovyo hivi, kwa nini ya kwangu ihesabiwe?

Alikuwa mzee mpole anayependa historia kuliko chai. Akasema inategemea nani kaumia. Kwenye basi hakuna aliyeumia, ni adabu tu. Mfupa ukivunjika watu wanaanza kusikiliza neno. Kisha akanipa kisa cha Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani ilipogongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China alikufa, Wamarekani 24 wakazuiliwa siku 11. Wakaachiwa baada ya barua iliyosema "very sorry" mara mbili: moja kwa kifo cha rubani, nyingine kwa kuingia anga na kutua bila ruhusa ya mdomo. Washington wakasema hiyo si kuomba radhi. China wakawaambia watu wao kwamba Marekani imeomba radhi. Neno moja, kila mmoja kaondoka na lake. "Wewe umesema mara tatu," akanitania, "umewazidi kwa moja."

Aliniambia na mambo ambayo ningefurahi kuyajua kabla. Kwa England na Wales, Sheria ya Fidia ya 2006, kifungu cha 2, inasema kuomba radhi kwenyewe hakuhesabiki kuwa kukiri uzembe. Ndugu zetu walioko Ontario, Kanada, wana sheria yao ya 2009 inayosema hata kauli ya kwamba mtu ni sorry haichukuliwi kuwa amekubali kosa. Na tangu 2015 nyumba za wazee za England, tukio kubwa likitokea, zinatakiwa na kanuni kumweleza mwenyewe au familia yake ukweli na kuomba radhi, na kanuni hiyohiyo inaieleza radhi kuwa ni kauli ya huzuni au majuto. Yaani kisheria sorry yangu haikuwa na kosa lolote. Tatizo, akasema, ofisi ya meneja si mahakama. Pale panaangaliwa ulichoandika na kama maelezo yako ya leo yanafanana na ya jana.

Wiki ya mwisho ya uchunguzi ndiyo Mfalme Charles alikuwa Nairobi. Nilimtazama kwenye simu, nimekaa kitandani na soksi za watu bado ziko mfukoni. Tarehe 31 Oktoba 2023, kwenye dhifa ya Ikulu, alizungumzia maovu waliyotendewa Wakenya wakipigania uhuru, akasema hayana udhuru, akataja huzuni kubwa na majuto makuu. "Sorrow" alisema. "Regret" alisema. Kuomba msamaha hakuomba. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye ardhi ya Majimaji, akasema waziwazi kwamba anaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa pale. Siku mbili, nchi mbili jirani. Mimi niliyesema sorry bila kukosa nilikuwa nakunja mashuka, na dola ya Waingereza, iliyokosa, ilikuwa na watu wa kuipimia maneno mpaka sorry isitoke. Siwezi kuficha kwamba nilikasirika. Ila hasira hiyo ilinifundisha kuliko kamusi: wenye lugha yao wanajua vizuri sana neno lipi linafungua mlango wa deni, na wanalikwepa makusudi. Sisi ndio tunaingia mzimamzima.

Mwakilishi alinisaidia kuandika maelezo ya nyongeza. Usiogope kuomba hilo. Mimi niliogopa siku tisa nikidhani kubadili maelezo ni kukubali kwamba nilidanganya. Hatukuibadili fomu ya kwanza, tuliieleza. Tukaandika nilikuwa wapi, nilisikia nini kwanza, nilimwona lini, nilimwita nani, saa ngapi. Kisha sentensi moja: kwamba katika lugha yangu ya kwanza kuna neno la kumliwaza aliyeumia ambalo halina maana ya kukosa, na kwamba ndilo nililotafsiri. Meneja akayasoma, akaniuliza hilo neno ni lipi. Nikamwambia pole. Akajaribu kulitamka, likatoka kama "pole" ya Kiingereza, neno lao la nguzo.

Kilichonisafisha hasa ni kamera ya ukumbini, tusijidanganye. Ilinionyesha mwisho wa ukumbi na kitoroli, na ndara ikivuka peke yake. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita. Kama kamera isingekuwepo sijui leo ningekuwa naandika kutoka wapi.

Tangu hapo wanaofika wapya wananiletea maswali, na ninayowaambia ni machache. Pole yako imalizie, na kinachofuata kihusu yaliyompata yeye: "I'm sorry you're in pain", "I'm sorry to hear that". Ukishasema "sorry for" ukaunganisha na tendo, "sorry for shouting", umekiri, kwa hiyo itumie pale tu ulipokosa, na hapo usiibanie. "Sorry about" inaelea katikati, mdomoni sawa, kwenye karatasi iache. Kwenye fomu usiandike kabisa ulichojisikia. Andika ulichoona na saa yake, na kama lazima utaje uliyomwambia mzee, andika kwamba ulimliwaza. Anayeanguka muulize kwanza ameumia wapi, maana hata kikazi ndilo lenye faida. Na msiba ukitokea, watasema "sorry for your loss". Mimi mara ya kwanza nilijiuliza hasara gani, kama vile kuna duka limefilisika. Ndiyo pole ya msiba ya kwao, ipokee kwa asante, na ukiitoa itoe nzima bila kuongeza kitu.

Mdomo ni kitu kingine. Nilijizoeza mbele ya kioo kama mtoto wa kidato cha kwanza. Nikapanga nikishtuka niseme "oh dear", ambayo haina mwenyewe.

Bibi wa kumi na nne alirudi na mkono umefungwa plasta, nikarudishwa ghorofani. Binti yake alinipa mkono siku ya kwanza, hatukusema mengi. Mwezi wa Desemba alikuja na mfuko wa zawadi za Krismasi, akawa anamfungulia mama yake boksi la chokoleti huku mimi natandika kitanda upande wa pili wa chumba. Akasimama ghafla, akajigonga kichwa kwenye kona ya kabati iliyo wazi. Ulikuwa mgongano mkubwa, wa sauti.

"Sori!" nikasema.

Tukatazamana. Mkono wake uko kichwani, wangu umeshika foronya.

"Ulikuwa mbali kule," akasema.

"Nilikuwa mbali huku," nikasema.